Chumvi ya Papa, Magadi ya Nakuru

Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapa hadi kivuko cha Likoni ni safari ya zaidi ya kilomita 600. Wengi wetu huku bondeni tunamjua papa kwa filamu tu: pezi linapasua maji, muziki unapanda, mtu anapiga ukemi. Filamu ya Jaws ilitoka mwaka 1975, na mpaka leo ndiyo inayotusimulia habari za mnyama huyu. Lakini mvuvi wa Naivasha anayetega nyavu alfajiri humwogopa kiboko, na ana haki. Papa, duniani kote, huua watu wasiofika kumi katika mwaka wa kawaida. Kwa hiyo meno yake nayaacha kando. Kinachonishika mimi kwa papa ni damu yake, na nadai kwamba mtu wa Nakuru ana sababu ya kuielewa damu hiyo kuliko hata mtu wa Mombasa, kwa kuwa ziwa letu ni la magadi na ndani yake anaishi samaki mdogo mwenye siri inayokaribiana sana na ya papa.

Kuna aina zaidi ya 500 za papa, na zinatofautiana mno. Kisiwani Mafia kuna potwe, ambaye pwani ya Kenya wanamwita papa shilingi kwa ajili ya madoa meupe yaliyotapakaa mgongoni. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, ana urefu wa basi na zaidi, lakini chakula chake ni viumbe vidogo anavyovichuja kwa kufungua kinywa na kusonga mbele. Madoa ya kila mmoja ni yake peke yake, hivyo watafiti huwatambua kwa picha, mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka. Kuna papa usingizi anayelala mchana kutwa chini ya matumbawe. Kuna papa nyundo, na huyu nimewahi kumshika kwa mikono yangu.

Ilikuwa kwenye bandari ya wavuvi huko Msambweni. Alikuwa mtoto bado, hakuzidi urefu wa mkono wangu, na mzee aliyekuwa akimtengeneza aliniruhusu nimguse kabla ya kisu. Ukipitisha kiganja kutoka kichwani kuelekea mkia, ngozi inateleza. Ukirudisha kiganja kuelekea kichwani, inakwaruza kama msasa, kwa maana ngozi yote imeezekwa vijino vidogo sana vinavyoelekea nyuma. Kichwa chake kimetanuka pande mbili, jicho moja huku na jingine kule. Mzee alimgeuza chali akanionyesha upande wa chini wa kichwa hicho, uliojaa vitundu vidogo. Alibonyeza kwa kidole gumba, ute mzito usio na rangi ukachomoza kutoka katika kila kitundu. Vitundu hivyo vilielezwa na Mtaliano Stefano Lorenzini mwaka 1678, na ilipita miaka mingi sana kabla ya kufahamika kazi yake. Kwa vitundu hivyo papa huhisi umeme hafifu unaotoka katika mwili wa kila kiumbe hai. Taa aliyejifukia mchangani, asiyeonekana wala kusikika, papa nyundo humpata kwa kupitisha kichwa juu ya mchanga.

Kisha mzee akapasua tumbo. Ini lilijaa karibu nafasi yote, la rangi ya maziwa yaliyochujuka. Papa hana kibofu cha hewa cha kumwezesha kuelea majini, ambacho samaki wengi wanacho. Mafuta ya ini ndiyo yanayompunguzia uzito. Mafuta hayo wazee wa pwani waliyapika wakapata kile wanachokiita sifa, wakapaka majahazi ili mbao zisiliwe na maji. Nilitaka kuuliza zaidi juu ya sifa, lakini mzee alikuwa na haraka.

“Mbona wamharakisha hivyo, mzee?”

“Papa hangoji, mwanangu. Samaki mwingine ukimwacha mpaka jua lipande, ataoza. Huyu kabla hajaoza atakunukia mkojo. Apasuliwe, atiwe chumvi, aanikwe. Basi.”

Mzee alikuwa amesema kwa maneno machache jambo ambalo wanasayansi walilifukuzia kwa miaka mingi, na nimekuwa nikilifikiria tangu hapo.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita. Damu ya samaki wengi wa baharini, changu au tasi kwa mfano, ina chumvi pungufu sana kuliko hiyo, na maji yana tabia ya kutoka palipo na chumvi kidogo kwenda palipo na nyingi. Kwa hiyo changu hukaukiwa mchana na usiku akiwa ndani ya bahari. Inambidi anywe bahari bila kupumzika, kisha aitoe chumvi kwa mashavu yake. Papa amepita njia nyingine kabisa. Mwili wake hutengeneza urea, ile taka ambayo sisi huitoa kwa mkojo, lakini badala ya kuimwaga yote huihifadhi kwenye damu na nyama. Kiwango chake kinapita cha damu ya binadamu mwenye afya kwa zaidi ya mara hamsini. Mtu mwenye urea kiasi hicho angekuwa amekwisha kufa. Papa anaogelea. Urea hiyo pamoja na chumvi aliyonayo huifanya damu yake izidi bahari kidogo kwa ukali, hivyo maji humwingia yenyewe bila yeye kunywa. Chumvi inayozidi hutolewa na tezi ndogo iliyo mwishoni mwa utumbo, ambayo kazi yake haikujulikana mpaka mwaka 1960.

Wakulima wa Njoro, Rongai na Subukia wanaijua urea vizuri. Ni ile mbolea ya chembe nyeupe wanayowapa mahindi yakifika magotini. Ni kitu kimoja, hakuna tofauti hata ya chembe. Friedrich Wöhler aliitengeneza maabara mwaka 1828 bila figo ya mnyama yeyote, na kemia ikabadilika tangu siku hiyo. Naitaja kwa sababu tunaishika mikononi kila msimu wa mvua na hatujiulizi kiumbe gani kingeweza kuishi nayo ndani ya damu.

Wala si kwamba papa anaishi nayo kwa raha. Urea hulegeza protini, na protini zikilegea mwili haufanyi kazi. Kwa hiyo papa hutengeneza pia kemikali ya pili, trimethilamini-oksidi, ambayo kazi yake ni kuzikaza zile protini ambazo urea inazilegeza. Sumu na dawa ya sumu, zote mbili ndani ya damu ileile, kwa vipimo vinavyolingana. Anapokufa, bakteria huivunja urea kuwa amonia, na hiyo ndiyo harufu aliyoisema mzee wa Msambweni. Chumvi na jua huwazuia bakteria. Ndiyo maana papa wa pwani huuzwa akiwa mkavu, mgumu, mwenye ukoko mweupe wa chumvi, hulowekwa, kisha huungwa kwa nazi na kuliwa kwa muhogo au wali. Mapishi ya kizazi baada ya kizazi yamejengwa juu ya kemia hiyo.

Na si pwani yetu tu. Kaskazini kabisa ya dunia, katika maji ya Greenland na Iceland, kuna papa anayekwenda polepole sana na kukua polepole zaidi. Mwaka 2016 watafiti walipima lenzi za macho yake wakakuta kwamba anaweza kuishi miaka isiyopungua 272. Nyama yake mbichi ni sumu kwa sababu ya zile kemikali. Watu wa Iceland waliifukia ardhini ivuje, kisha wakaitundika kwa miezi kabla ya kuila. Sisi tulitumia chumvi na jua kwa sababu tunavyo. Wao walikuwa na baridi na upepo.

Sasa tupande bonde.

Maji ya Ziwa Nakuru yanapokuwa katika hali yake ya zamani yana pH inayofika 10 na kupita. Ni magadi, kitu kilekile kinachotiwa kwenye githeri ili mahindi yaive upesi, na samaki wa kawaida akitumbukizwa humo hachukui muda. Samaki hutoa taka ya naitrojeni ikiwa amonia, kupitia mashavuni, na maji ya kawaida huipokea bila shida. Maji ya magadi hayaipokei. Amonia hubaki mwilini, na samaki hufa kwa taka yake mwenyewe. Kwa muda mrefu ziwa hili halikuwa na samaki hata mmoja. Lilikuwa na heroe, wale ndege wa waridi walioipa Nakuru jina duniani, ambao nao wana tezi za chumvi karibu na macho, zinazodondosha kwenye pua chumvi inayozidi.

Kisha, mwaka 1953, na tena 1959 na 1962, aliletwa samaki kutoka Ziwa Magadi, tilapia mdogo wa jamii ya Alcolapia grahami, ili ale viluwiluwi vya mbu. Alistawi. Mwari wakaanza kuja kwa maelfu kumla, wakitoka kwenye viota vyao Elementaita, wakafuata mnandi na furukombe. Ziwa la ndege walao mwani likawa pia ziwa la ndege walao samaki, na hayo yote yalifanywa na samaki ambaye kwa kawaida hazidi urefu wa kiganja. Ni nadra mkono wa binadamu kutia mgeni ziwani na mambo yakaenda vizuri hivi.

Anaishije humo? Jibu lilichapishwa mwaka 1989 katika jarida la Nature, na kati ya waliolitafuta alikuwemo Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Samaki huyu hatoi amonia. Taka yake yote ya naitrojeni huigeuza kuwa urea kisha huitoa kwa mashavu. Kugeuza huko kunamgharimu nguvu nyingi, na ni samaki wachache mno wenye mfupa wanaofanya hivyo. Papa huishika urea ili aishi ndani ya chumvi. Huyu huitupa ili aishi ndani ya magadi. Mmoja ana urefu wa mtu au wa basi, mwingine anatosha kwenye kikombe. Mmoja yuko Bahari ya Hindi, mwingine yuko chini ya vilima vya Lanet na Menengai. Mababu zao waliachana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Lakini wote wawili wana uwezo uleule wa mwili, na mimi naona hilo ni la ajabu kuliko safu zote za meno.

Yuko na wa tatu, hapo kaskazini mwetu. Ukifika Kampi ya Samaki, kando ya Ziwa Baringo, utawaona akina mama wakiuza vipande vizito vya kamongo. Hakuwepo Baringo zamani. Alitiwa humo miaka ya 1970, naye leo ni sehemu kubwa ya mavuno ya ziwa. Kamongo ana mapafu. Maji yakikauka hujichimbia topeni, hujifunika ute unaokauka ukawa ganda, na humo hungoja mvua kwa miezi. Hawezi kutoa taka, kwa kuwa hakuna maji ya kuitolea, na amonia ingemuua. Kwa hiyo hutengeneza urea na kuihifadhi mpaka siku ya kuoga. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mwanafiziolojia kutoka Marekani, Homer Smith, alikuja Afrika Mashariki kumtafuta kamongo. Mwaka 1932 alichapisha kitabu na kukiita kwa jina la samaki huyo, na mwaka 1936 akaandika makala ndefu iliyoeleza kwa nini papa anahifadhi urea. Ni mtu mmoja, na swali lake lilikuwa moja. Alipita huku kwetu kulitafutia jibu, na sijapata kuona shule ya bonde hili inayofundisha habari zake.

(Na mwaka 2001 nyavu za meli ya uvuvi karibu na Malindi zilimleta juu silakanti, samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka pamoja na dinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Naye pia huhifadhi urea, kama papa.)

Watoto wa Nakuru huniuliza kama papa anaweza kufika ziwani kwetu. Swali hilo nalichukulia kwa uzito wote, kwa sababu yupo papa mmoja ambaye humfanya mtu asite kabla ya kujibu. Kusini mwa Afrika wanamwita papa wa Zambezi, kwa kuwa hupanda mto huo hadi bara. Amepatikana Iquitos, nchini Peru, zaidi ya kilomita 3,500 kutoka mdomo wa Amazon. Wale wa Ziwa Nicaragua walidhaniwa kuwa jamii ya peke yake iliyofungiwa ziwani, mpaka Thomas Thorson alipowatia alama na kuonyesha kwamba hupanda na kushuka Mto San Juan, kati ya ziwa na bahari. Akiingia maji baridi, papa huyu hupunguza urea katika damu yake, tezi yake ya chumvi hupumzika, na figo humwaga mkojo mwingi mwepesi mchana na usiku. Akirudi baharini, hupandisha tena. Wenzake karibu wote hawana uwezo huo.

Lakini mito yetu haiendi baharini. Njoro, Makalia na Nderit hushukia Ziwa Nakuru na kuishia hapo. Malewa huishia Naivasha, Molo na Perkerra huishia Baringo. Bonde la Ufa hunywa mito yake lenyewe. Haikuwa hivyo kila mahali wala kila wakati: kaskazini, katika matabaka ya Koobi Fora kando ya Ziwa Turkana, yamepatikana mabaki ya taa wa karibu miaka milioni mbili iliyopita. Taa ni jamaa wa damu wa papa, mwenye gegedu badala ya mfupa. Uwepo wake huko unaonyesha kwamba wakati huo palikuwa na njia ya maji kati ya Turkana na Bahari ya Hindi, na ukoo wa papa uliipanda njia hiyo mpaka ndani ya Bonde la Ufa, zama ambazo watu wa kale walikuwa wakiponda mawe ufukoni.

Naandika haya kwa hofu pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970. Papa nyundo wa jamii ile niliyoishika Msambweni amewekwa tangu 2019 katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka, na biashara yake ya kimataifa imebanwa na mkataba wa CITES kwa uamuzi wa mwaka 2013. Papa huchelewa kuzaa na huzaa wachache. Potwe huchukua miongo kadhaa kabla ya kupevuka. Mtoto aliyevuliwa kabla hajazaa hana wa kuziba nafasi yake upesi. Simlaumu mzee wa Msambweni, ambaye ana nyumba ya kulisha na nyavu zisizochagua. Nasikitika pale sokoni ambapo nyama yote huitwa papa tu, walio adimu na walio wengi kwa bei moja, na mnunuzi hana njia ya kujua amebeba yupi.

Ziwa letu nalo limebadilika. Tangu mwaka 2010 hivi maji yamepanda, yamemeza lango la zamani la mbuga, nyumba na barabara, na kadiri yalivyoongezeka ndivyo magadi yalivyozimuliwa. Heroe wengi walihamia Bogoria. Kuhusu samaki wetu, kuna jaribio ambalo silisahau. Watafiti waliwachukua wale wa Magadi wakawazoesha taratibu maji yaliyopunguzwa chumvi na magadi mpaka kiwango cha chini sana, ambamo wangeweza kutoa amonia bila gharama yoyote. Samaki waliendelea kutengeneza urea. Hawakuiacha, ingawa haikuwa na kazi tena.

Papa wa Zambezi, kinyume chake, angetupwa Naivasha leo, angeishi. Angepunguza urea, angekula kambare na mizoga ya kiboko, na pengine angemaliza miaka mingi. Karibu na Brisbane, Australia, mafuriko ya miaka ya 1990 yaliwaacha papa wa jamii hiyo katika bwawa la uwanja wa gofu wa Carbrook, nao walionekana humo kwa miaka 17. Hakuna ushahidi kwamba walizaa. Majike wa jamii hii hutafuta midomo ya mito iliyo wazi kwa bahari ili wazalie hapo. Tilapia wa magadi angali anazaa Nakuru. Jike huokota mayai yake kwa kinywa, huyaatamia humo mpaka vifaranga waogelee, na muda huo wote mwili wake, pamoja na miili ya wanawe, unatengeneza urea.